Jozi Saba za Viatu: Kwa Mama Skarma, Kunzes Yangdol

Ni mwaka mmoja sasa, Mama Skarma, tangu nilipopiga honi mara tatu mbele ya mlango wetu na wewe hukutoka. Nikapiga ya nne, nimeshaanza kukasirika, maana wewe mwenyewe ulisema saa moja kamili, na njia ya Nyarmo jua likishapanda theluji inayeyuka, inakuwa tope tupu. Nikaingia ndani maneno yakiwa tayari mdomoni. Ulikuwa umekaa karibu na jiko, viatu umeshavaa, daftari mapajani, na ulikuwa umeshaondoka. Hata kufa ulikufa ukiwa tayari kwa safari, na mimi nje nakulaumu kwa kuchelewa.

Binti yetu Skarma alitaka tangazo hili la kumbukumbu yako aliandike yeye, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Nimemkatalia. Nimemwambia apange nukta na mkato tu, maneno niachie mimi, kwa sababu humu ndani lipo jambo ambalo ni langu kulisema, na nimechelewa kulisema miaka mingi.

Watu wengi wanakujua kama Mwalimu Kunzes, aliyeandika kitabu cha picha za ukutani za mahekalu yetu ya Kibuda huku Ladakh, milimani kaskazini mwa India. Barua zilikuwa zinakujia hadi kutoka Japani. Sisi wa nyumbani tunakujua kwa mengine. Chai yako ya siagi uliisahau kila siku mpaka siagi ikaganda juu. Mifuko ya koti lako ilijaa kokwa za aprikoti, ukizitafuna ukifikiri. Na mbele ya picha yoyote ya Buda, kwanza ulivua viatu, ukasujudu mara tatu, kisha ukaanza kuitazama kuanzia chini.

"Uso kila mchoraji anajitahidi, anajua watu watautazama," ulikuwa ukisema. "Akifika miguuni ameshachoka, anakuwa yeye mwenyewe. Mimi nianzie miguuni."

Nilikuwa dereva wa lori tulipooana, halafu wa teksi, halafu wako. Miaka thelathini na moja nimekupeleka kwenye mahekalu ambayo hata mbuzi anafika amechoka. Wenzangu wa kituo cha teksi walinitania mpaka nikazoea. "Tundup, mkeo amekwenda tena kutazama kuta? Kwani nyumba yako haina kuta?" Nikawajibu, "Zangu ameshazisoma zote, hakuna kitu." Jioni nikakuhadithia, ukacheka mpaka kokwa ikakupalia.

Nakushukuru kwa yale ya Nyarmo. Wazee wa pale walitaka kupaka rangi mpya juu ya picha ya mungu-mke Tara iliyofifia, kwa nia njema kabisa, ili wapate thawabu. Mimi nilidhani utawapigia kelele, kama ulivyokuwa unanipigia nikiegemea ukuta wa hekalu. Ulikaa nao, ukanywa chai yao vikombe vitatu, ukamuuliza mzee wao, "Meme, babu yangu, mama yako alipozeeka, ulimchora uso mwingine?"

"Angenichapa," akasema.

"Basi na huyu mwacheni azeeke. Mpya mchoreni ukuta wa pili, thawabu ni ileile."

Leo pale Nyarmo wapo Tara wawili wanatazamana, mmoja mzee na mmoja kijana, na wanawake wa kijiji huwawashia taa wote wawili. Ile safari ya asubuhi niliyokupigia honi ilikuwa ya kwenda kuwaona hao.

Nakushukuru pia kwa macho yangu. Nilikuwa sijui kutazama. Kwangu Buda alikuwa Buda, basi. Wewe ulinifundisha kwa vitu ninavyovijua. "Nyekundu kama nini, Baba Skarma? Taa ya breki au pilipili iliyoanikwa?" "Bluu kama nini? Turubai la lori lako, au feruzi ya mama?" Feruzi ya mama yako naikumbuka vizuri, kwa sababu uliivaa siku ya harusi yetu: ile kofia ndefu iliyoshonewa mawe, ambayo mama humwachia binti yake mkubwa. Jiwe lake la katikati lilikuwa limeshaanza kuwa kijani. Ukaniambia feruzi inazeeka na mwenye kuivaa. Siku hiyo mawazo yangu yalikuwa kwenye pombe ya shayiri, lakini neno hilo halikutoka kichwani.

Sasa nasema ya Tharling.

Hekalu la Tharling lina chumba cha Mlinzi, yule mungu mwenye uso wa kutisha anayelinda hekalu, kama mahekalu mengine, na wanawake hawaingii humo. Ulikuwa na digrii mbili, ulikuwa umetembea kuta za nchi nzima, lakini pale uliishia kizingitini. Hukugombana. Ulimwomba Lama Ishey, mtawa mwenye funguo, aniruhusu mimi niingie siku ya sikukuu ya baridi, siku pekee ya mwaka ambayo wanaume wa nje huingia na uso wa Mlinzi hufunuliwa kitambaa. Skarma alikuwa na miaka mitatu. Ulikaa kwenye kizingiti, umempakata, daftari juu ya goti.

"Ukuta wa kushoto, chini kabisa," ukaniambia. "Wamechorwa watu waliojenga hekalu. Nataka kujua ni wangapi, ni akina nani, wamevaa nini kichwani. Tazama vizuri, Baba Skarma. Wewe ndiye macho yangu."

Hapa ndipo penye aibu yangu. Bibi yangu alinilea kwa kunitisha na yule Mlinzi. Ukimtazama usoni akiwa wazi, alisema, akili yako inabaki naye. Mimi dereva niliyepita njia ya mlima ya Khardung La usiku bila breki ya mkono, niliingia mle na taa ya siagi, nikanusa moshi wa miaka mia, nikaona meno ya kitu kwa pembeni, nikashusha macho sakafuni na sikuyainua tena. Nilichoona ukutani ni kile tu kilichokuwa chini kabisa: jozi saba za viatu. Viatu vyetu vya sufu, vya kushonwa, ncha zimeinuka. Nikavihesabu mara mbili, nikatoka.

"Saba," nikasema.

"Wanaume?"

Viatu vile tunavaa sote, mke na mume. Nililijua hilo, umenishonea mwenyewe jozi ngapi. Nikasema, "Wanaume."

"Kichwani?"

"Kofia kama ya baba yangu. Ile ya kunjo mbili."

"Wote saba?"

"Wote."

Ukaandika. Ulikuwa umefurahi, ukanipa kokwa za aprikoti kiganja kizima. Mwaka uliofuata ulitaka niingie tena kuhakikisha. Nikakwambia injini inavuja mafuta. Ilikuwa haivuji hata tone.

Kitabu kikatoka. Mle ukaandika kwamba chumba cha Mlinzi cha Tharling hakina picha ya mwanamke hata mmoja, na kwamba huenda tangu siku kilipojengwa hakikuwa cha wanawake. Wanawake wa Tharling walipouliza kwa nini hawaingii, watawa wakawa na jibu. "Hata Mwalimu Kunzes ameandika." Nililisikia hilo kwa masikio yangu nikiwa nabadilisha tairi, nikaendelea kukaza nati.

Miaka kumi na minane ikapita. Paa la Tharling likavuja, na Stobdan, yule mwalimu wa chuo kutoka Nubra, akaruhusiwa kuingia kukagua ukuta. Akapiga picha moja kwa simu. Katika mkutano wa wataalamu mjini Leh akaionyesha kwenye kitambaa kikubwa mbele ya watu wote. Walikuwa saba, ndiyo. Wa saba, upande wa mlango, alikuwa mwanamke wa kofia ndefu ya mawe, na chini yake pameandikwa kwamba yeye ndiye aliyetoa mali ya kujengea chumba kile.

Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza, "Mwalimu, nani alikwambia ni wanaume saba?"

Nilikuwa nyuma, karibu na chupa za chai. Watu wawili watatu waligeuka wakanitazama, maana walijua nani alikuwa akiingia kwa niaba yako. Ulisimama. Ulirekebisha shali yako, kama ulivyozoea kabla ya kusema jambo gumu.

"Aliyeandika ni mimi," ukasema. "Kosa ni langu. Namshukuru Bwana Stobdan."

Ukakaa. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusimama, Mama Skarma. Nikamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Kwenye gari tukavuka daraja. Kisha ukaniuliza, bila hasira, "Baba Skarma, siku ile ulitazama?"

"Nilitazama," nikasema.

Ukanitazama kwa muda. Mimi nikatazama barabara.

"Haya," ukasema. "Punguza mwendo, kuna ng'ombe."

Hukuniuliza tena hadi ulipokufa. Na hilo ndilo ninalokushukuru kwalo na ndilo linaloniuma, vyote pamoja, siwezi kuvitenganisha. Ulikwenda Tharling kwa miguu yako, ukawakusanya wanawake wa kijiji uani, ukawaambia uliwakosea na mwanamke yumo, tena ndiye mwenye nyumba. Ukaufuta ukurasa ule ukaandika mwingine. Kitabu kipya kilipokuwa kinapangwa, Skarma alikuja na ule mstari wa mwanzo, ule unaosema kitabu hiki ni cha Tundup, aliyeona pale ambapo mimi sikuruhusiwa kuona. Akauliza kwa sauti ndogo, mimi nikiwa chumba cha pili, "Mama, huu tuutoe?"

"Uache," ukamwambia. "Kwenye mahekalu mengine arobaini ni kweli tupu."

Nilikuwa nakata kuni. Niliweka shoka chini, nikalia.

Baada ya hapo kitu kimoja tu kilikusumbua. Ile picha ya simu ilikuwa imeungua na mwanga, kofia ya yule mwanamke imekuwa nyeupe kama maziwa. Ulikuwa unaitoa kwenye daftari jioni, unaisogeza kwenye dirisha, unairudisha. "Bluu yake tu ndiyo sijui," ulikuwa ukisema, si kwangu, kwa chai yako. Nami nilikuwa nimekaa palepale, mwanamume mzima mwenye ruhusa ya kuingia kila mwaka, nanyamaza.

Januari hii nilifunga minyororo kwenye matairi nikaenda Tharling. Skarma alikaa kizingitini mahali pako, na daftari lako juu ya goti. Mlango bado haujafunguliwa kwa wanawake, ingawa sasa wanawake wa kijiji wanauliza kila sikukuu na watawa hawana tena kitabu cha kujifichia. Lama Ishey ni mzee sasa. Aliponiona na taa ya siagi akasema, "Tundup, unakuja kukagua viatu?"

Basi alijua. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ile. Nilikuwa nyuma yako. Ulisujudia sakafu kama mtu aliyepoteza sindano." Akasogea anipishe. "Mkeo aliniuliza mwaka ule wa mkutano. Nikamwambia. Alicheka kwanza, halafu akaniomba nisikwambie kwamba anajua. Akasema utakuja mwenyewe."

Nikaingia. Nilimtazama Mlinzi usoni, kwa sababu sikuwa na sababu tena ya kutomtazama. Anatisha, bibi hakudanganya. Lakini akili ninayo, Skarma ni shahidi. Kisha nikapiga magoti upande wa kushoto, nikaanza chini kama ulivyonifundisha, viatu, magoti, mikono, nikapanda taratibu hadi kichwani.

"Bluu kama nini, Baba?" Skarma akaita kutoka mlangoni. Sauti yake ni yako kabisa.

Ni feruzi, Mama Skarma, si turubai. Safu tatu za mawe. Yote ni bluu ya asubuhi yenye baridi, isipokuwa moja, la katikati, limeanza kuwa kijani. Kama la mama yako. Mchoraji hakutunga, alikuwa na mwanamke mbele yake, mtu mzima aliyeivaa kofia ile miaka mingi, akamtazama jiwe kwa jiwe. Najua ungeandika kurasa kumi kwa jiwe hilo moja. Skarma ameandika tatu, na juu yake ameandika nani aliona.

Leo tumewasha taa mia na nane za siagi, na tumepeleka skafu nyeupe kwa Tara wote wawili wa Nyarmo. Tunakukumbuka mumeo Tundup Namgail, binti yetu Skarma Lhadol na mumewe, mjukuu wako Jigmet ambaye ameanza kutafuna kokwa, kaka yako Chosphel, na kituo kizima cha teksi.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Na kwenye daftari lako sasa imeandikwa sawasawa: ni saba, wanaume sita na mwanamke mmoja. Nimetazama.