Ovaroli Ndani ya Beseni la Maji Moto

Baba Watoto,

Nimekwenda darasani. Chai imo kwenye chupa.

Asubuhi niliingia katika beseni letu la maji moto, lile kubwa la kujaza upepo, lenye kupasha maji kwa umeme, tulilolichagua kwa unafuu wake ili nikande magoti. Kitu chenye utelezi kikanigusa tumboni. Nilidhani ni panya aliyekufa, kumbe ni ovaroli yako ya gereji uliyoiloweka humo! Grisi imeniganda mpaka kwapani. Nilipokuuliza, ukanijibu ukiwa ndani ya shuka: “Si maji yanakaa moto bure, mama?” Uchafu gani huu!

Yamwage maji yote. Sugua beseni kwa sabuni, kisha uoshe kichujio chake cha maji.

~~Sitaingia tena humo.~~ Nitaingia jioni, ila wewe utatangulia, nami nikuone ukizamisha uso.

Mama Watoto