Kasiksi Iliyochemshwa Muhumba

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimechemsha maji. Ya kunywa, ya kuoga, ya kusukutua. Balagizi amesimama nyuma yangu na saa mkononi, anahesabu dakika ishirini. Nikiitoa sufuria dakika ya kumi na tisa, anaona.

Mume wangu anatunza faili kwenye ofisi ya serikali ya zoni. Miaka kumi na minane sasa. Kwake, karatasi yenye muhuri haina ubishi. Wiki iliyopita walipewa moja: kolera imefika mjini, kila kinachonywewa kichemshwe, watu wasipeane mikono. Ina mihuri miwili. Ameibandika juu ya redio, mahali pa picha yetu ya harusi. Picha ameiweka kabatini, uso chini.

Mimi nina jambo moja tu kichwani. Jumamosi ya wiki ijayo wakwe wanatoka Bagira kuja kumwomba Nsimire, binti yetu. Kolera ifanye haraka ipite, au ingoje.

Alhamisi, 5 Oktoba

Darasani hakuna anayethubutu tena kuomba kwenda chooni. Leo Mapendo aliomba mara mbili. Mara ya pili safu yake yote ilihamia dirishani, na madaftari. Mtoto akajizuia mpaka akalia. Nikampeleka mwenyewe. Njiani nikajikuta natembea hatua tano mbele yake, mimi mwalimu wake. Niliona haya. Hatua sikupunguza.

Jumapili, 8 Oktoba

Misa. Badala ya kupeana mikono ya amani tulitikisiana vichwa. Citoyen mmoja, bwana wa benchi la mbele, alikohoa, benchi likabaki lake peke yake mpaka baraka ya mwisho. Kolera haiji kwa kukohoa. Najua. Nami nilisogea.

Jirani yetu, Maman Cibalonza, anaoga ndimu. Anasafishia nywele ndimu, anafulia ndimu, barabara yote inanuka ndimu. Tena kuna mtu amemwambia kwamba woga ndio unaoleta ugonjwa. Basi kila asubuhi anasimama mlangoni kwake, peke yake, anacheka kama dakika tano. Hakuna kinachomchekesha. Anacheka hivyo hivyo, kwa bidii, kisha anaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo mbili.

Balagizi analala sebuleni tangu siku tisa. Karatasi haisemi chochote kuhusu mke. Anasema ni tahadhari.

Jumanne, 10 Oktoba

Amekufa mtu nyumba ya tano kushuka chini. Baba wa watoto wanne. Asubuhi alikuwa akitengeneza ua, kesho yake jioni wakaja watu wa usafi na pampu za dawa. Kaburini walikwenda watatu tu. Hatukwenda kilioni. Tangu tuhamie Muhumba sijawahi kukosa kilio cha jirani. Nilipika maharagi, nikayapeleka, nikaweka sufuria kwenye ngazi, nikagonga, nikarudi nyuma mpaka barabarani. Mjane alinipungia mkono kutoka dirishani. Nina woga. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia Balagizi. Atanichemsha na mimi.

Amesema tuahirishe siku ya wakwe. Nimekataa. Nimekataa kwa sauti. Muzee Bisimwa, baba ya Mugisho, mchumba wa Nsimire, si mtu wa kuambiwa ngoja. Alikuwa fundi wa kujenga, sasa amestaafu na anapika kasiksi, na hiyo pombe yake ya ndizi inajulikana mpaka Kadutu. Huko huko Kadutu kuna familia yenye msichana, na tayari walikwisha kumkaribisha muzee mara mbili. Nsimire amemngoja Mugisho miaka mitatu amalize masomo. Ana miaka ishirini na minne. Wakiondoka safari hii hawarudi.

Waje. Nimesema waje.

Ijumaa, 13 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Muzee Bisimwa ametuma kasiksi leo, kama desturi inavyotaka. Bidoni zima, dumu la lita ishirini, siku moja kabla, ili itulie. Kesho yeye anaionja kwanza kwa mrija, kisha anampa baba ya msichana mrija ule ule. Baba akinywa, mazungumzo yameanza. Asiponywa, wageni wanachukua kofia zao.

Nilikuwa shuleni. Nilipofika kwenye geti nilisikia harufu ya ndizi zilizopikwa. Nikasema moyoni, Nsimire ameanza kupika mapema, mtoto mzuri. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Balagizi amekaa kwenye kigoda mbele ya babula, jiko letu la makaa, makala yanawaka vizuri. Sufuria kubwa, ile ya sherehe. Saa mkononi.

Amechemsha kasiksi. Yote. Kwa zamu tatu, dakika ishirini kila zamu.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini, kwenye udongo, na sketi yangu ya shule. Akaenda ndani akaniletea ile karatasi, akaniwekea kidole kwenye mstari: kila kinachonywewa. Akaniuliza kwa upole kama kasiksi hainywewi.

Imepoa, ameirudisha kwenye bidoni, ameifunga vizuri. Nimeonja. Ni uji wa ndizi uliokasirika. Kutafuta nyingine haiwezekani, muzee anajua mkono wake. Nsimire hajui kitu, yuko chumbani anajaribu kitambaa cha kichwa. Nimeamua kunyamaza. Labda muzee ana mafua.

Jumamosi, 14 Oktoba

Hana mafua.

Walifika watano baada ya salongo, kazi ya usafi ya kila Jumamosi. Muzee Bisimwa mbele, suti yake ya abakosti ya kijivu, vifungo vyote. Mugisho nyuma yake, anatazama viatu. Tukasalimiana kwa viwiko. Kila mtu akakaa mbali na mwenzake, sebule ikaonekana ndogo. Maneno ya kwanza yakaenda vizuri. Nsimire akapita na karanga, vizuri. Kibuyu kikajazwa, mrija ukatiwa.

Muzee akavuta. Akangoja. Akavuta tena. Akautoa mrija akautazama kama ndio wenye kosa.

"Hii haiko yangu," akasema. "Yangu muliweka wapi?"

Akasema tumekunywa kasiksi yake sisi wenyewe na kumtilia maji ya nguruwe. Hapo ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, nilikuwa nimeuandaa usiku kucha, kuhusu jua na bidoni. Lakini Balagizi alisimama, akaenda kwenye redio, akabandua karatasi, na akawasomea wakwe zake waraka mzima. Alianza na namba ya kumbukumbu. Alimaliza na mihuri, akawaonyesha, mmoja mmoja, kwa umbali.

Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Unapika pombe ya mukwe sawa maharagi?"

Walichukua kofia. Walichukua na bidoni. Mugisho aligeuka mara mbili kabla ya geti. Nsimire alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya karanga, na hakuna aliyekuwa amegusa hata moja.

Ningempiga Balagizi. Ningempiga na sufuria ile ile.

Jumapili, 15 Oktoba

Nsimire hasemi na baba yake. Hakulia, ningependa alie. Nimemwambia ukweli, kwamba nilijua tangu Ijumaa. Sasa hasemi na mimi pia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nsimire anampikia baba yake. Kila kitu cha kuchemsha. Ndizi za kuchemsha, yai la kuchemsha, samaki wa kuchemsha bila chumvi. Jioni alimpa parachichi. La kuchemsha. Balagizi alilila lote na akasema asante.

Jumatano, 18 Oktoba

Leo asubuhi Nsimire aliingia sebuleni, akabandua ile karatasi juu ya redio, akaitia kwenye sufuria. Babula, makala, maji. Akachukua na saa ya baba yake mezani. Dakika ishirini.

Sikumzuia. Niliacha madaftari ya wanafunzi nikaja kutazama. Wino wa mihuri ulitoka kwanza, maji yakawa ya zambarau. Balagizi alitoka na taulo shingoni, akakuta waraka wake unazunguka ndani ya povu. Nilidhani ataanguka. Alitazama muda mrefu. Nsimire akamwambia, neno la kwanza tangu Jumamosi, "Papa, hii nayo ilikuwa na microbe."

Balagizi alikwenda ofisini bila kunywa chai. Alirudi saa kumi. Akaniuliza mbuzi wa faini kwa wakwe anapatikana wapi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Tumekwenda Bagira kwa miguu, na mbuzi. Balagizi hapandi gari siku hizi, kwa ajili ya pumzi za watu. Mbuzi alikuwa na mawazo yake. Tulipopita soko la Nyawera alitaka kula kabichi za watu, akamvuta mume wangu mpaka katikati ya soko, mahali ambapo hajakanyaga tangu mwezi uliopita. Watu wakamgusa pande zote. Alifumba macho. Nilishika kamba nyuma yake na nilimhurumia, kweli, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Muzee Bisimwa alituacha nje saa nzima. Haki yake. Kisha tukaingia. Balagizi alisema maneno machache, bila karatasi: nilikosa, niliogopa, mbuzi huyu hapa. Akakaa. Sikujua kama anaweza kusema maneno machache hivyo.

Muzee akaita kasiksi. Mpya, yenye povu. Akavuta, akapangusa ncha ya mrija na kiganja chake, jambo ambalo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, akampa Balagizi.

Mume wangu aliushika mrija. Alinitazama. Sikumsaidia. Nilikuwa namfikiria Nsimire tu. Akainama akanywa. Si kuonja. Alikunywa mpaka tukasikia mrija unavuta hewa chini ya kibuyu. Muzee akanyoosha mkono, naye akaupokea kwa mikono yote miwili. Kibuyu kikajazwa tena na muzee akanywa baada yake. Nilimwona anatokwa jasho usoni. Nilidhani ni joto.

Tarehe ya harusi watatuambia.

Jumapili, 22 Oktoba

Balagizi anakufa. Amelala kitandani kwetu tangu alfajiri, mikono juu ya shuka, soksi safi. Tumbo haliumi. Anasema hiyo ndiyo dalili mbaya. Ameniambia karatasi za nyumba ziko wapi, herufi N, za shamba herufi S. Ameniambia nikiolewa tena nisichukue mtu wa idara ya fedha.

Nilicheka sana. Nikatoka nje nikacheka zaidi, nikamkuta Maman Cibalonza naye anacheka mlangoni kwake, tukachekeana.

Lakini kila akienda msalani nasimama nyuma ya pazia la jikoni na kuhesabu. Mbili mpaka sasa. Mbili ni kawaida.

Jumatatu, 23 Oktoba

Sikwenda shule. Mara tatu, moja ilikuwa kunawa tu.

Nsimire ameweka kiti kando ya kitanda. Amekaa hapo tangu asubuhi. Nilisikia anamwuliza, "Papa, tumbo iko namna gani?" Naye akajibu, "Inasemasema tu." Nsimire akamrekebishia mto. Baadaye akamletea ndizi za kukaanga, na mafuta, na pilipili.

Nina woga mbaya. Balagizi alitaka kuahirisha. Mimi nilisema waje. Mimi nilimwangalia akinywa na sikusema kitu. Akifa, nimemuua kwa ajili ya harusi. Nimeiandika sentensi hiyo na mkono umeniuma.

Jumanne, 24 Oktoba

Saa tatu asubuhi Mugisho alifika anahema, viatu vyote matope. Alikuwa ametoka Bagira mbio. Alisimama kwenye geti, hakuingia, akanitazama juu mpaka chini.

"Maman, papa alinituma nione kama mungali bazima."

Nikamwuliza kuna nini. Akasema baba yake yuko kitandani tangu Jumamosi jioni. Hana ugonjwa. Anangoja kufa, kwa sababu alikunywa baada ya mtu wa mjini. Amegawa shamba la ndizi kwa watoto. Amechagua na abakosti ya kuzikiwa. Anakataa kula mpaka apate habari za Balagizi: kama Balagizi amekufa, basi na yeye afunge macho.

Nilishika geti. Nilikuwa nataka kumtuma Nsimire Bagira mchana huu, aulize jambo lile lile.

Balagizi alisikia kutoka chumbani. Kitanda kililia. Akatokea mlangoni na suruali nusu, akasema kwa sauti ya ofisi, "Mwambie niko muzima. Yeye naye aondoke ku kitanda, tuko na harusi."

Kisha akaomba chai. Nilimpa kutoka kwenye birika, hakuuliza dakika.

Mugisho alirudi Bagira, akaja tena saa tisa na jibu. Muzee amekula sahani mbili. Harusi Jumamosi, 25 Novemba.

Nsimire hatimaye amelia. Kwa nguvu, begani kwa baba yake.

Jumamosi, 28 Oktoba

Kolera bado iko. Juzi wamepulizia dawa nyumba moja karibu na shule. Tunachemsha maji, ya kunywa tu. Balagizi alikwenda salongo asubuhi, akarudi na jembe na matope, sasa amelala chumbani kwetu, usingizi wa mchana, mzito.

Mimi nina madaftari ya kusahihisha. Nsimire anafua uani. Anaimba. Ana sauti kubwa tangu utoto na hajui kuipunguza. Nilisimama nikamwambie anyamaze kidogo, baba yake amelala. Nilifika mlangoni. Alikuwa amenipa mgongo, anasugua shati la baba yake, povu mpaka kwenye viwiko. Nikahesabu wiki zilizobaki kabla hajaolewa. Nne. Nikarudi kwenye kiti, nikaacha mlango wazi.