Mzinga Mmoja wa Bundala

Jumatatu, 4 Oktoba 1937
Tumefika. Kijiji kizima kimehamishwa kwa ajili ya malale—amri ya serikali, msitu tumewaachia mbung'o. Mume wangu Bundala yuko hospitali Tabora, anaumwa malale hayo hayo. Mizinga yake imebaki mitini, ila huu mmoja. Huu nilikataa kuuacha! Niliziba mdomo wake kwa kanga kuukuu. Njiani lori likaingia shimoni, mzinga ukaanguka—kishindo! Shemeji Masolwa, mdogo wake Bundala, kanisaidia kuutundika kwenye mti wa mninga nyuma ya kibanda. Nyuki wamo. Wanavuma.

Jumatano, 6 Oktoba
Nimekaa mbele ya mzinga tangu asubuhi. Wanatoka, wanarudi, miguu mitupu—hakuna anayeleta unga wa maua. Na ile sauti! Si kuvuma tena, ni kulia. Masolwa katega sikio. Anasema mfalme wao alipondwa mzinga ulipoanguka. Nyuki bila mfalme hawadumu; tukate asali na nta sasa, kabla nondo hawajala kila kitu. Nikamwuliza, umemwona maiti? Kacheka. Mwanamke na mizinga wapi na wapi, shemeji.
Wanaume husema mfalme. Masista walitufundisha malkia. Anayetaga ni mama, basi. Nitamtafuta mwenyewe.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimefungua! Moshi wa mavi ya ng'ombe, kaniki kichwani. Nimeumwa shavuni, ukopeni, vidoleni—hata kalamu haishikiki. Nimechungulia masega mawili ya mbele. Watoto wamo, weupe, wanono kama funza. Lakini yai—hata moja! Nilikodoa macho mpaka machozi yakanitoka. Kama mama yupo, mayai yako wapi?
Masolwa leo hakucheka. Kasema tu, Jumatatu nakuja na kisu.
Sawa. Atanikuta.

Jumapili, 10 Oktoba
Katekista Ambrosi kaja na baiskeli kutoka Tabora. Bundala kaamka kidogo! Hakuniulizia mimi. Hakuulizia watoto. Kauliza, mzinga wangu umefika? Na anataka asali—ya mzinga huo, si nyingine. Chakula hali, anasema Ambrosi. Kesho lori linakwenda mjini. Nikajibu nitampelekea. Nimejibu haraka mno.

Jumatatu, 11 Oktoba
Tumefungua pamoja, Masolwa na kisu, mimi na moshi. Sega la tatu—pembeni kinaning'inia kitu kirefu, kama karanga kwenye ganda lake, kimezibwa kwa nta. Nikadhani ni ugonjwa. Masolwa akashusha kisu. "Shemeji, wanamlea mfalme mwingine."
Kumbe alisema kweli, wa zamani amekufa. Na kumbe hawakukaa tu kulia!
Asali ipo, kule nyuma kabisa, inang'aa. Nikamwambia kata kipande tu, cha mgonjwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo! Masolwa kakataa. Tukiwasumbua zaidi watahama, na huyo mchanga atafia humo. Kaka atangoja, kasema.
Nikamwuliza, akishindwa kungoja?
Kanipa kisu. Mzinga ni wa mumeo, shemeji, amua wewe.

Lori limepiga honi barabarani. Nimesimama chini ya mninga, kalamu mkono huu, kisu mkono huu. La. Nimekirudisha alani. Nakwenda mikono mitupu. Sasa Bundala nimwanzie wapi—kwamba mfalme wake amekufa, au kwamba mwingine yuko njiani? Honi tena! Masolwa anapiga kelele nikimbie—