Hofu ya Nani

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na usingizi umerudi. Sisi huku ugenini wazima. Mkweo anakusalimu, na mjukuu wako Chiriku anaimba kila asubuhi mpaka majirani wanagonga ukuta.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Jumatatu nilikuwa kwa mteja, mwalimu mstaafu, nikimbadilishia kioo cha dirisha la jikoni. Nilikuwa juu ya ngazi, kibomba cha chuma cha kukamulia gundi mkononi, mara jirani yake akatokea na bastola.

"Shuka, mwizi."

Nikamwambia mimi fundi, amuulize mwenye nyumba. Hakuuliza. Nilipofika chini akanisogelea mpaka mdomo wa bastola ukanigusa mbavu, na kidole chake kinatetemeka. Mama, mtu anayetetemeka anaweza kuua bila kukusudia. Nikampiga mkono kwa kile kibomba. Bastola ikaanguka, na kifundo cha mkono wake kikavunjika.

Polisi walipofika walimketisha kwenye kiti bustanini. Mimi wakanilaza kifudifudi, wakanitia pingu. Mwalimu akatoka akisema, "Huyo ni fundi wangu." Wakamwambia arudi ndani.

Nimeshtakiwa kwa kujeruhi, niko nje kwa dhamana. Yeye amesema aliona mtu mweusi dirishani akahofia, na sheria ya huku inamruhusu mwenye hofu kujikinga.

Kitindamimba wako


16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linauma tu likitaka kunikumbusha umri. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nisikilize kwanza kama askari. Sheria ya kujikinga naijua, hata huku ipo, na haichagui hofu ya nani. Aliyewekewa bastola mbavuni ni wewe. Waeleze hivyohivyo, usitie chumvi wala usipunguze. Nimekaa kaunta ya kituo cha polisi maisha yangu yote ya kazi. Maelezo yaliyonyooka askari huyatambua. Wabaya wapo, siwatetei. Lakini ndani ya sare kuna mtu. Mtafute huyo, uzungumze naye.

Sasa kama mama: kula. Najua ukiwa na mawazo unageuza chai kuwa chakula.

Mama yako, Sajenti
(Mtaani hawajaacha kuniita hivyo. Hata kuku wakigombana, naitwa nikaamue.)


2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Watu wa nyumba hiyo hawajambo?

Nimekuandikia, hukujibu. Simu yako inaita mpaka inachoka. Mkwe wangu anasema, "Yupo, mama, amechoka tu." Nimestaafu kazi, sijastaafu masikio, najua mtu anapofichwa. Kama nimekukosea kwa niliyoyasema, niambie. Ukinigombeza nitavumilia. Kimya hiki ndicho nisichokiweza.

Mama yako


19 Agosti

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa na hasira nawe, nikaona heri ninyamaze kuliko kukujibu vibaya.

Nilifanya ulivyosema. Nilieleza yote kama yalivyokuwa. Mpelelezi akaniuliza, "Uliogopa nini, na mwenzako hakufyatua?" Alipomaliza kuandika nikasoma kabla ya kutia saini. Jirani "alihofia maisha yake." Mimi "nilidai kuhofia." Nikamwomba abadilishe neno. Akasema maana ni ileile.

Basi nikarudi nyumbani nikawa sitaki kuongea na mtu aliyewahi kuvaa sare. Hata wewe.

Kesi ilifutwa wiki iliyopita. Askari mmoja kijana, yuleyule aliyenitia pingu, alisema mahakamani kwamba mwalimu aliwaambia tangu mwanzo mimi ni fundi, na kwamba jirani hakuhojiwa pale hata kidogo. Angeweza kunyamaza. Kwenye korido nikamshukuru; akaitikia kwa kichwa bila kunitazama. Wenzake walikuwa wamesimama mbali naye. Jirani amerudishiwa bastola yake.

Sasa nina swali. Chiriku amefundishwa shuleni kwamba mtoto akipotea amwendee askari. Akaja akaniuliza, "Baba, hata wale waliokufunga?" Nikamwambia nitamuuliza bibi, yeye ndiye polisi. Nimjibu nini?

Kitindamimba wako


7 Oktoba

Baba Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Afya ninayo, na hasira yako nimeipokea. Ilikuwa na sababu yake.

Nimechelewa kwa sababu jibu hili nimeliandika nikalichana, nikaliandika tena. La kwanza lilisema amwendee askari. Ndivyo nilivyowaambia watoto wa watu, na sikuwa nadanganya. Walinijia wakilia, nikawabeba mgongoni, nikawafikisha kwao. Lakini nikafikiri, Chiriku akipotea hatapotea kwangu. Atapotea huko.

Huyo askari kijana namwombea. Kusema kweli mbele ya wenzako wakikutazama ni kazi nzito, na kesho yake unarudi kazini na walewale. Ukikutana naye tena, mshukuru hata kama hakutazami. Ila mtoto aliyepotea hana nafasi ya kuchagua askari. Atakutana na atakayemkuta.

Mwambie atafute mwanamke aliye na mtoto. Amshike nguo, amtajie namba yako, asimwachie mpaka aisikie sauti ya baba yake.

Na akiuliza kwa nini bibi polisi hakusema polisi, usimfiche. Mwambie bibi alitaka sana kusema.

Bibi yake