Maua Bado Meupe

Shamba la Boersma,
Barabara ya Bwawani,
South Haven, Michigan.
16 Mei, 1986.

Mpendwa kaka Rinus,

Pokea salamu zangu kutoka meza ile ile ya jikoni uliyoichora jina lako kwa uma ukachezea viboko. U hali gani huko jangwani? Mgongo wako umepoa, au bado unajifanya kijana na kubeba mawe ya barabara? Wifi Lorna hajambo? Watoto nao? Mwambie Annelies picha aliyoichora imefika, Baba ameniambia niibandike ukutani, ingawa anasisitiza kwamba yule farasi ni yeye.

Sisi huku tunashukuru Mungu. Mimi nina mafua na vidole vimepasuka, si neno. Baba hali yake ni ile ile, na mtungi wake wa hewa kando ya kitanda. Supu ya dengu anakula vijiko vichache, kisha anasema imekosa chumvi, nami nafurahi, maana mtu anayelalamikia chumvi bado yupo.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu iko ukumbini, Rinus, na mlango wa Baba haufungwi siku hizi. Masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Yaliyo moyoni mwangu siwezi kuyasema pale.

Kaka, mavuno ya buluberi mwaka huu hayapo. Nimeona nikuambie moja kwa moja, maana nimezungukazunguka ukurasa mzima.

Jumanne alfajiri baridi ya kugandisha ilitushukia, na maua yalikuwa yamefunguka yote. Nikawasha pampu kama Baba alivyonifundisha, vinyunyizio vikaanza kuzunguka shamba zima. Unakumbuka Lorna alivyotucheka mwaka ule, akauliza tangu lini mtu anayetetemeka akamwagiwa maji? Msomee hapa: maji yakiganda hutoa joto lake, na joto hilo ndilo ua linaloishi nalo. Mradi maji mapya yanakuja juu ya barafu na kuganda, ua halishuki chini ya pale maji yanapoganda. Nilikuwa na kipimajoto kimefungwa kwenye tawi, mshale umesimama kwenye alama ya kuganda kama uliopigiliwa misumari, na hewa ya nje ikizidi kushuka. Vichaka vimevaa barafu tupu, vinang'aa, nami nimesimama katikati na koti la mvua la Baba, najiona kama bibi harusi aliyechelewa. Nilikuwa na furaha, sikufichi.

Sharti lake unalijua. Ukishafungua maji hufungi mpaka jua litoke na barafu idondoke yenyewe.

Mimi sikufunga. Pampu ilijifunga. Magugu ya bwawani yaliziba mdomo wa bomba, ikakohoa, ikanyamaza, na wakati huo huo upepo mkavu ukaamka kutoka kaskazini. Nilijitosa bwawani mpaka kifuani nikayang'oa magugu kwa mikono. Nilipoiwasha tena, vinyunyizio vilikuwa vimeganda. Nikawa nakimbia na spana, nagonga kimoja, nagonga kingine, nyuma yangu cha kwanza kinaganda upya. Nililia kwa sauti, Rinus, mwanamke mzima wa miaka hamsini na miwili, nikawa nayatukana maji.

Kinachoniuma ni hiki. Maji yakiganda hutoa joto, lakini upepo ukiyakausha huliteka, tena huteka mara nyingi zaidi ya lile yalilotoa. Wewe mwenyewe ukitoka kuoga upepo ukakupiga, unajua. Nilikitazama kipimajoto kile kikishuka, kikashuka hata kuliko hewa yenyewe. Kama nisingegusa pampu, nikalala zangu, pengine nusu ya shamba ingepona. Jirani Veldkamp hakuwasha chochote, amelala usingizi wake, na yake nusu yapo. Alikuja na mkate wa tangawizi, akakaa, akatazama kofia yake, akasema si kosa la mtu. Najua si kosa la mtu. Ingekuwa kosa la mtu ningekuwa na wa kumgombeza.

Sasa lililonishinda ni Baba. Maua bado meupe pe. Ndivyo yalivyo, hukaa siku kadhaa kichakani yakiwa mazuri, mpaka ulipasue moja kwa ukucha uone pale ambapo tunda lingekaa pamekuwa peusi tii. Kitanda chake kinatazama shamba. Kila asubuhi ananiambia nimwinue, anatazama weupe ule, anasema Julai Rinus akija tutachuma wote, wajukuu na ndoo zao, kisha yeye atapumzika. Daktari ananiambia kinachomshikilia mzee ni hiyo Julai. Nami namwitikia ndiyo Baba, namwekea mto, natoka nje kujifuta uso. Maji yamezidi unga, kaka. Kumwambia siwezi, kunyamaza nako siwezi.

Na nyuki wamekuja, wale tunaokodi kila mwaka waje kuchavusha maua. Nilisahau kuwazuia. Wanahangaika ua kwa ua tangu jana.

Leo mchana Baba aliniomba nimletee kitawi cha maua. Nilitafuta shamba zima ua moja zima, sikulipata. Nikampelekea lililokuwepo. Alilishika muda mrefu. Hakulipasua. Akaliweka ndani ya glasi ya maji kando ya kitanda, akaigeuza glasi mpaka upande mzuri ukanielekea mimi.

Akasema, "Rika, mwanangu, nilisikia pampu iliponyamaza. Nilitaka kuinuka nije nikusaidie. Miguu ilikataa."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini siku zote hizi anaitaja Julai. Akasema aliona nami napenda kuisikia.

Nikamrekebishia mto, naye anatafuta pumzi. Kisha akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Mwambie asingoje mavuno."

Nisalimie wifi Lorna, Piet na Annelies. Shangazi Willemina anakusalimu, na Veldkamp pia. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, na atuachie mlango wazi mpaka ufike.

Mimi dadako akupendaye, anayekungoja,
Rika