Maksai Niliowasingizia

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba unijibu upesi, maana jambo lenyewe lina siku yake, na siku hiyo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Barua hii nimempa dereva wa lori la maziwa aifikishe mpaka mlangoni kwenu, kwa sababu posta yetu hufunguliwa siku mbili tu kwa wiki na mimi siwezi kungoja.

Mimi ni mjane wa miezi saba. Mume wangu alikuwa mkulima mwenye mkokoteni, na kila Jumanne asubuhi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ushirika akiwaandikia watu matangazo. Huku kwetu, kiangazi kikifika na mavuno yakishaingia ghalani, hutoka karatasi moja kila wiki na kubandikwa dukani, zahanati na kwenye mashine ya kusaga, upande wa mbele zipo shughuli, kwaya itaimba wapi, kuvuta kamba ni lini, kubadilishana mbegu ni siku gani, na upande wa nyuma ni vitu vya shambani vinavyouzwa. Upande wa nyuma ulikuwa wake. Alikuwa na penseli fupi aliyoichonga kwa kisu cha kukatia matawi, na mtu akija na kitu cha kuuza hakumuuliza bei, alimuuliza kwanza, "Kasoro yake nini?" Mtu akijibu kwamba hakina kasoro, alimwambia, "Basi kaa nacho, kitu kizuri namna hiyo unakiuzia nini?" Watu walicheka, lakini walisema, na ikawa ndiyo desturi yetu, kila tangazo linataja kasoro kabla ya sifa. Nakumbuka moja liliandikwa, "Baiskeli, haina breki, mwenyewe kwa sasa anatembelea magongo." Jingine lilisema, "Kuku wa mayai, huyala mwenyewe," na kuku yule alipata mnunuzi siku ileile, mtu aliyetaka mchuzi. Wafanyabiashara wa mbali walinunua kwa kusoma karatasi tu, bila kuja kuangalia, hivyo ndivyo jina letu lilivyoaminika, na nikisema letu usinione najisifu, yeye ndiye aliyelijenga, mimi nilikuwa nampelekea chai pale kwenye benchi na kumwambia avae kofia.

Alipofariki, wazee wa ushirika walikuja wakaniambia, "Mama, lile benchi haliwezi kukaa tupu." Nikaenda. Niliandika kwa penseli yake mpaka ikawa haishikiki tena.

Sasa kosa langu ni hili. Marehemu aliacha maksai wawili, Diwani na Karani. Diwani aliitwa hivyo kwa sababu huwatazama watu wote waliopo ndipo aanze kutembea, na Karani kwa sababu huinamisha kichwa saa zote kama mtu anayeandika. Mume wangu hakuwahi kuwachapa, aliwafundisha miaka mitatu kwa sauti tu, tena sauti ya chini, akiwaita "mabwana", na akawafundisha jambo ambalo maksai wengi hawaliwezi, kurudi nyuma na mkokoteni wenye mzigo mpaka ufike mlangoni pa ghala bila kukwaruza nguzo. Watu walikuwa wakiacha shughuli zao kuja kutazama.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, ni dereva wa lori na anaishi mbali. Ni mtu mwema, alikaa nasi mwezi mzima msibani, akaliezeka upya paa la banda kwa mikono yake. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Shemeji, hawa watakuvunja mbavu. Nyumba haina mwanamume wa kuwafunga nira, na kiangazi hiki majani utayatoa wapi? Watie kwenye karatasi." Mshauri, mtu aliyekuezekea banda unamkatalia vipi? Nilishindwa kumwambia hapana kwa mdomo, nikaamua kumwambia kwa kalamu, na kalamu yenyewe nikaipa uongo. Niliandika hivi, "Maksai wawili. Kasoro: mmoja jicho la kushoto halioni, mwingine ana hasira na hupiga pembe, wote hawajui kurudi nyuma." Nikasema moyoni hakuna atakayewataka, shemeji atachoka kungoja, wanyama watabaki nyumbani, na mimi nitakuwa sijagombana na mtu. Nilijiona mjanja sana. Hata chumvi siku hiyo nilizidisha kwa furaha.

Kweli hakuja mtu. Lakini siku ya tatu nilikwenda kusaga, na mama mwenye mashine akaniambia mbele ya foleni nzima, "Pole mwenzangu. Kumbe mzee alikuwa anahangaika na mizigo kama ile, na alikuwa kimya tu?" Nyuma yangu mtu mwingine akadakia, "Kasoro za wenzake alijua kuziuliza. Za kwake alizikalia." Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama watu wa kwenye foleni. Mimi nilishika ndoo yangu ya mahindi nikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakoniuma mpaka leo, kwa sababu neno moja tu lilikuwa linatosha na sikulitoa.

Wiki hiyohiyo shemeji akapita na lori lake, akaisoma karatasi ukutani dukani, akanipigia simu. "Shemeji, sikujua hali imefika huko, marehemu hakuniambia. Basi kama hawafai kazi, nimeshaongea na mwenye bucha. Atawafuata Jumatatu, baada ya ile Jumamosi ya siku ya wakulima." Aliamini kila neno, mshauri. Kwetu hakuna aliyewahi kuandika uongo upande ule, angeachaje kuamini?

Na bado sijakwambia habari za binti yangu. Ni kitinda mimba, ana miaka ishirini na tatu, ni fundi cherehani. Siku karatasi ilipotoka alikuja nayo mkononi mpaka jikoni.

"Mama, hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Hawajui kurudi nyuma?" Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Diwani hana jicho! Karani ana hasira! Karani huyu anayewapisha kuku?" Kisha kicheko kikamkatika, akasema polepole, "Mama, baba angelia."

Siku ya pili alikwenda ofisi ya ushirika na kujiandikisha kwenye mashindano ya mikokoteni, yale ya Jumamosi. Unazunguka nguzo, unapakia magunia, halafu unaingiza mkokoteni kinyumenyume kwenye lango jembamba, watu wote wakitazama. Wenzake waliojiandikisha ni wanaume wenye mvi. Wakamwuliza, "Binti, utaleta maksai gani?" Akawajibu, "Wale vipofu wenye hasira." Wakamcheka na kumwandika.

Nilikuwa sijui kumbe kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani yake alikuwa akiwafanyisha mazoezi nyuma ya ghala. Juzi nilipita na beseni la nguo nikamwona. Ameweka mapipa mawili, nafasi ya katikati imezidi upana wa mkokoteni kwa kiganja tu. Amesimama mbele ya maksai, mikono mitupu, mkanda wa kupimia nguo bado uko shingoni, anasema kwa sauti ya chini, "Taratibu, mabwana. Nyuma. Nyuma kidogo. Karani, acha kuandika, nisikilize." Na wanyama wale wakubwa wakarudi, hatua kwa hatua, gurudumu likapita kati ya mapipa bila hata kuyagusa. Mshauri, nimezaa watoto wanne na nimewaona wakioa, wakiolewa na kufuzu, lakini sijawahi kuringa moyoni kama nilivyoringa nyuma ya lile ghala nikiwa na nguo mbichi mikononi. Ni baba yake mtupu, mpaka namna ya kuinamisha bega.

Sasa ndiyo niko njia panda. Nikimwacha aingie uwanjani, maksai watarudi nyuma mbele ya watu wote, na wote watajua kwamba nilidanganya, nao watajiuliza kama mjane anadanganya, je, miaka yote ile upande wa nyuma ulikuwa na ukweli gani? Jina alilolijenga mume wangu kwa penseli nitakuwa nimelibomoa mimi. Nikimzuia, Jumatatu mwenye bucha anakuja. Nimefikiria pia kumwacha aende, na mimi nibaki nyumbani niseme naumwa. Nifanye lipi? Naomba usitaje jina langu.

Ni mimi,
Mjane wa Mwenye Penseli

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa msiba. Miezi saba ni michache, na mtu aliyekumbukwa mpaka kofia yake alikuwa na bahati ya mke. Hiyo ndiyo pole yangu, imeisha, sasa nakugombeza.

Umeniomba nisitaje jina lako na sitalitaja. Lakini umeniandikia Diwani, umeniandikia Karani, umeniandikia benchi na fundi cherehani. Nikiichapa barua hii wiki hii, maksai watakutaja kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo jibu limekuja kwako peke yako, kwa lori lilelile la maziwa, na gazetini litatoka Jumamosi ikishapita, wewe ukiwa umeshasema mwenyewe. Najua nimekufungia mlango wa kukimbilia. Nimeufunga makusudi.

Uongo wa kushusha ni uongo vilevile. Anayesema mbovu ni mzima na anayesema mzima ni mbovu hawana cha kuchekana. Tena wako una ubaya wake wa pekee. Muuzaji mwongo humwibia mnunuzi, wewe umemwibia marehemu. Miaka mitatu ya sauti ya chini umeifuta kwa mstari mmoja, kwa kuogopa kumwambia shemeji yako neno la herufi sita!

Unaogopa jina la mume wako litachafuka Jumamosi. Mama, limeshachafuka. Limechafukia kwenye foleni ya kusaga, na wewe ulikuwepo umeshika ndoo. Huyo mtoto anakwenda uwanjani kulisafisha, na wewe unaniuliza kama umzuie? Halafu uongeze uongo mwingine, wa kuumwa? Usithubutu.

Sikiliza basi. Leo hii, kabla hujala, mpigie shemeji yako. Mtu aliyekuezekea banda hastahili kuusikia ukweli wako kwa watu baki. Mwambie, "Shemeji, nilishindwa kukukatalia, nikawasingizia wanyama. Siuzi. Mwambie mwenye bucha asije." Atanyamaza. Mwache anyamaze, usijaze kimya chake kwa maelezo. Akikasirika ana haki yake, muombe radhi, lakini lile "siuzi" usilirudie kwa sauti ndogo zaidi ya mara ya kwanza. Na majani ya kiangazi mwambie mtayatafuta, wewe na binti, kama watu wengine wote wenye mifugo wanavyoyatafuta. Huenda akakuletea mwenyewe. Watu wa namna yake hupenda kuambiwa wanachotakiwa kubeba.

Ukimaliza, nenda ofisi ya ushirika ukaandike tangazo jipya, libandikwe kabla ya Jumamosi kila lilipobandikwa la kwanza, na kwenye mashine ya kusaga ulipeleke kwa mkono wako. Andika hivi: "Masahihisho. Maksai Diwani na Karani wanaona, ni wapole, na wanarudi nyuma. Kasoro ilikuwa ya mwandishi wa tangazo. Hawauzwi." Basi. Usieleze kilio chako, karatasi ni ndogo. Unadhani watu watasema matangazo yote yalikuwa ya uongo? Watasema kwamba huko kwenu hata kosa la mwenye benchi huandikwa ukutani. Jina haliwezi kupata mlinzi bora kuliko huyo.

Jumanne rudi kwenye benchi, na nunua penseli mpya. Watakutania, jiandae. Wa kwanza atakuuliza, "Na wewe, mama, kasoro yako nini?" Mwambie. Kisha muulize ya kwake, na uiandike.

Na binti yako usimpe mawaidha yoyote kuhusu kushinda au kushindwa, hao wazee wenye mvi wamefanya kazi hiyo tangu hajazaliwa na huenda wakamshinda. Mfulie nguo yake nzuri, mwambie uliyoyaona nyuma ya ghala, maana bado hujamwambia, nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia. Umeniambia mimi nisiyemjua kwamba ni baba yake mtupu. Mwambie yeye.

Halafu siku yenyewe usikae kwenye viti vya kivulini pamoja na wageni. Mtu anayewarudisha maksai husimama mbele yao na kutazama kule mkokoteni unakoelekea. Kwa hiyo wewe simama kule nyuma, karibu na lango, juani, ili akiinua macho kupima nafasi akuone umesimama.