Pembeni mwa Jicho

Jumapili, 16 Novemba

Sikuiona. Saa nzima juu ya paa, shingo imekakamaa, na galaksi namba thelathini na tatu ya orodha yangu sikuiona! Mwaka juzi niliipata kwa dakika mbili, kwa darubini hii hii ndogo. Mbinu naijua: vitu hafifu namna hii havitazamwi moja kwa moja. Unatazama kando kidogo, doa linajitokeza lenyewe pembeni mwa jicho. Nimetazama kando mpaka machozi. Giza tu. Nalaumu taa mpya ya jirani.

Mke wangu kaniuliza kama mke mwenzake kanuna. Ndivyo anavyoiita darubini.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimesafisha kioo cha darubini. Taa ya jirani imeungua — nimefurahi, Mungu anisamehe. Bado sikuona kitu. Nikafunga kamera kwenye darubini: picha sitini, kila moja nusu dakika, kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine. Galaksi hiyo hapo! Na mikono yake miwili ya nyota imejikunja.

Basi kioo ni kizima. Taa haina kosa. Kilichobaki sitaki kukiandika.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemwita mke wangu juu. Tangu tuoane hajatazama kitu angani zaidi ya mwezi. Sikumwambia atafute nini. Akainama, kisha akasema: "Kuna kitu kama mtu amepumulia kioo. Hapa, kushoto kidogo. Ndicho?"

Ndicho. Nikatazama mimi. Hakuna. Nikampa hongera, nikajifanya nafungasha vifaa. Skrubu ikaniponyoka.

Jumatano, 19 Novemba

Asubuhi, basi limejaa: wafanyakazi ishirini na wawili wa kiwanda cha unga, mke wangu akiwemo. Miaka kumi na tisa nawaendesha. Kwenye mzunguko abiria wakapiga kelele. Nikakanyaga breki. Mwendesha baiskeli, kushoto, karibu na gurudumu. Sikumwona kabisa. Alivaa shati jekundu, wanasema. Jekundu!

Nikachungulia dirishani nikamtukana. Nusura nimuue, na bado mimi ndiye niliyemtukana.

Ijumaa, 21 Novemba

Kliniki ya macho. Daktari ni binti mdogo, mpole. Kaniweka kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe. Nukta za mwanga zinawaka ndani yake, hafifu; nikiiona moja, nibonyeze kitufe. Nilifurahi kijinga. Si ndiyo kazi yangu hii? Nikabonyeza kwa mbwembwe.

Kumbe nimebonyeza mara nyingi pasipo na nukta yoyote. Akasema, "Mzee wangu, wewe unaona unachokitarajia."

Presha ya macho. Pembeni kumekufa, macho yote mawili, kushoto zaidi. Kilichokufa hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Akauliza nafanya kazi gani.

Nikasema fundi cherehani.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefungua daftari la michoro. Mwaka jana niliichora galaksi ile mara tano. Doa, mikono, kila nyota mahali pake. Safi mno. Sidhani kama nilikuwa naona. Nilichora ramani iliyomo kichwani.

Na barabarani je? Nako nimekuwa naendesha kwa kumbukumbu? Tangu lini?

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili asinisikie.

Jumapili, 23 Novemba

Amesikia. Nikamweleza yote. Nikasema kesho naenda kwa meneja narudisha ufunguo. Akauliza imebaki miezi mingapi nistaafu. Saba. Akasonya, akasonga ugali — hapana, nadanganya, hakusonga chochote, alihesabu ile saba kwa vidole. Kisha: "Nitakaa kiti cha mbele, kushoto. Nikikohoa, kanyaga breki."

Nimekubali. Nimekubali! Mtu mzima, na akili zangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Saa kumi na mbili jioni, geti la kiwanda. Naandikia kwenye usukani.

Asubuhi alikohoa mara mbili, mara mbili nikakanyaga. Mara ya kwanza mbuzi, ya pili sijui. Tulifika. Abiria walicheka, eti dereva kawa mwoga kama bibi harusi. Mke wangu alicheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa zamu imetoka. Giza linaingia. Wanapanda mmoja mmoja, unga kwenye nyusi, unga masikioni, na wanakohoa. Wote. Jioni ndivyo wanavyokuwa siku zote, unga umewajaa vifuani. Miaka kumi na tisa nasikia, wala sijawahi kusikiliza.

Mke wangu ameketi mahali pake. Naye anakohoa, anajitahidi kuzuia kwa khanga, haiwezekani. Nimegeuza kichwa kizima ili nimwone. Ananitazama. Ameshaelewa.

Wametimia ishirini na wawili. Mlinzi amefungua geti. Kuna mtu nyuma anagonga bati, anauliza tunangoja nini.